Nafasi Ninazo, Ndumba Sina

Jana usiku mazimwi 12 yalijipanga juu ya daraja la mawe, bega kwa bega, ngao mbele, safu mbili zilizonyooka. Yeyote aliyewahi kucheza Dungeons & Dragons hata kwa juma moja anajua kwamba mazimwi hayajipangi hivyo kwa bahati. Mwenye meza, yaani yule anayesimulia ile dunia na kuamua adui asimame wapi, alikuwa ametuandalia zawadi, kilichobaki ni kuifungua tu. Watu wanne wakageuza shingo kunitazama mimi.

"Mjomba," akasema mpwa wangu, "piga moto."

"Nafasi ya ngazi ya tatu unayo?" akauliza mwenye meza. Alikuwa ameshika kifutio tayari, ayafute mazimwi yake.

"Ninazo mbili," nikasema. Na kweli ninazo. Zimeandikwa kwa wino kwenye karatasi ya mhusika wangu.

"Basi Mpira wa Moto."

"Huo sina."

"Radi?"

"Sina."

"Sasa una nini cha ngazi ya tatu?"

"Nafasi."

Duka la michezo tunalochezea hapa Minneapolis lina meza nyingi, na jioni za namna hiyo hazibaki tupu. Sijui nani alitangulia kucheka, ila kicheko kilisafiri hadi kwenye meza ya watoto wanaocheza karata, na mmoja wao, ambaye miguu yake haijafika sakafuni akikaa kitini, akageuka kunieleza kwa upole kwamba mchawi wa kiwango cha tano huwa ana Mpira wa Moto. Nikamwambia ninajua. Mpwa wangu, ambaye Kiswahili hukitoa pale mezani wakati tu hataki wengine wasikie, akaniinamia sikioni: "Mjomba, tutazungumza nyumbani."

Mhusika wangu anaitwa Ndumila. Ana viwango vitano: vitatu vya ukasisi na viwili vya uchawi wa kusomea. Katika mchezo huu kila mhusika ana fani, na fani zinazotumia ndumba ni kadhaa, kila moja na mlango wake. Kasisi anapewa ndumba na mungu wake kwa kuomba. Mchawi msomi anazitoa kwenye kitabu alichokinakili mwenyewe kwa wino wa gharama. Yuko aliyezaliwa nazo damuni, wala hakusoma popote. Yuko mganga wa msitu. Na yuko mfuga jini, aliyefunga mkataba na kiumbe kikubwa kisichoonekana, na huyo mtu wa pwani hana haja ya kuelezwa. Kila unapopanda kiwango, sheria zinakuruhusu kuiacha fani yako kando na kuingia nyingine, mradi sifa inayohusika iwe imefika 13: busara kwa kasisi, akili kwa msomi. Ndumila ana busara 16 na akili 15. Aliingia kwa miguu yake miwili, mlango ukiwa wazi, wala hapakuwa na mtu wa kumzuia.

Sasa twende kwenye hizo nafasi, maana utamu wote uko huko, na mkasa wangu hauwezi kueleweka bila ya kuzijua.

Mwaka 1950 mwandishi Mmarekani Jack Vance alitoa kitabu kiitwacho The Dying Earth. Wachawi wa humo hukariri ndumba zao, na ndumba ni nzito kichwani kiasi kwamba hata bingwa hawezi kubeba ila chache kwa wakati mmoja. Akishaitamka moja, inamtoka akilini kabisa. Haikumbuki tena mpaka arudi kitabuni aikariri upya. Gary Gygax, mtu wa mji mdogo wa Lake Geneva katika jimbo la Wisconsin, alilipenda wazo hilo. Alipotoa mchezo huu mwaka 1974 pamoja na Dave Arneson, ambaye alikuwa wa huku kwetu Minnesota, ng'ambo ya mto tu, Saint Paul, uchawi ulikuwa wa namna hiyo: kariri, tamka, sahau. Mimi nilipoelezwa hayo kwa mara ya kwanza nilisimama katikati ya duka la vyakula na mkokoteni wangu. Hebu fikiri. Mtu anaweza kuyeyusha lango la chuma kwa maneno matatu, na kinachomzuia kuitawala dunia ni kwamba kichwa chake kinajaa. Hakuna damu ya kuku, hakuna makaburi usiku wa manane. Ni mtihani tu, ule wa darasa la saba, wa kila siku asubuhi, na majibu yanafutika ukishayaandika.

Na huo Mpira wa Moto ninaodaiwa una umri mkubwa kuliko mchezo wenyewe. Mwaka 1971 Gygax na Jeff Perren walitoa kijitabu cha vita vya askari wa sanamu kiitwacho Chainmail, na nyuma yake wakaambatisha sheria za majoka na wachawi. Mchawi wa humo alihesabiwa kama silaha nzito. Mpira wake wa moto ulifunika eneo lile lile linalofunikwa na jiwe la teo kubwa la kubomolea ngome. Kwa hiyo watu wanne walioniangalia jana hawakuwa wakimwangalia mtu, walikuwa wakiuliza mzinga uko wapi.

Toleo la tano, lililotoka mwaka 2014, ndilo tunalocheza sisi, na lilikilegeza kile kibano cha kukariri. Ndumba unazozijua sasa ni jambo moja. Nguvu ya kuzitupa ni jambo la pili. Hiyo nguvu ndiyo nafasi. Nafasi zina ngazi, ya kwanza hadi ya tisa, na ndumba nazo zina ngazi vivyo hivyo. Ndumba ndogo unaweza kuitia kwenye nafasi kubwa, nyingi huvimba zikitiwa huko na kupata nguvu kidogo. Ndumba kubwa huwezi kuibana kwenye nafasi ndogo. Ukichanganya fani mbili, kitabu kinakupa jedwali. Unajumlisha viwango vyako vya kindumba, tatu na mbili ni tano, unateremsha kidole hadi mstari wa tano, unasoma: nafasi nne za ngazi ya kwanza, tatu za ngazi ya pili, mbili za ngazi ya tatu. Sawasawa, bila ya kupunguzwa hata moja, na za mchawi wa kiwango cha tano ambaye hajawahi kuchanganya chochote maishani mwake.

Nilipoliona jedwali hilo nilikipenda kitabu kile kama ninavyopenda watu wachache. Nilidhani nimekutana na nchi ambayo vyeti vyako vyote vinahesabiwa.

Kumbe aya iliyo juu ya jedwali imeshakumaliza. Inasema ndumba unazozijua zinahesabiwa kwa kila fani peke yake, kana kwamba ile nyingine haipo. Kasisi wa kiwango cha tatu anafika ngazi ya pili. Msomi wa kiwango cha pili anazijua za ngazi ya kwanza, basi. Wameniazima sufuria la pilau ya harusi na kunipimia mchele kibaba. Na wasije wakasema hawakuona: kitabu chenyewe kinaeleza waziwazi kwamba mchanganyaji anaweza kujikuta na nafasi za ngazi asiyokuwa na ndumba zake, na kwamba azitumie hizo nafasi kwa ndumba zake ndogo. Toleo jipya la mwaka 2024 limepambwa picha nyingi, limeandikwa upya karibu lote, na kanuni hiyo imebaki palepale. Kwa hiyo wanajua. Walijua, wakaipiga chapa mara mbili.

Turudi darajani, maana sikuwa mtu wa kukaa nikichekwa. Msomi wa kiwango cha pili ana ndumba iitwayo Mikono ya Moto. Ukiitia kwenye nafasi ya ngazi ya kwanza inatoa dadu tatu za pande sita. Ukiitia kwenye ya tatu, dadu tano. Mpira wa Moto unatoa nane, na unarushwa ukiwa futi 150 mbali, nyuma ya mti, ukila karanga. Mikono ya Moto inatoka kwenye vidole vyako na kufika futi 15. Maana yake ni kwamba kasisi mwenye deraya ya magamba ya chuma, ngao mkono mmoja na rungu mkono wa pili, alilazimika kukimbia uwanja wote ule hadi puani kwa mazimwi ili ayape joto.

Hapo likazuka suala la mikono. Hili ni suala zuri sana na halisemwi vya kutosha. Ndumba nyingi zinadai ishara, na ishara zinadai mkono mtupu. Kasisi ameondolewa taabu hiyo kwa ujanja: nembo ya mungu wake inaweza kuchorwa kwenye ngao, na mkono ulioshika ngao ukahesabika kuwa unafanya kazi. Lakini nembo ya mungu haiamshi ndumba za kitabuni. Msomi ana vifaa vyake, fimbo au jiwe au kifuko cha vikorokoro, na mungu wa watu hana habari navyo. Kwa hiyo mchanganyaji mwenye ngao na rungu ni kasisi kamili na ni msomi aliyefungwa pingu. Mwenye meza akaniuliza rungu ninaliweka wapi. Nikasema naliachia. Akasema daraja lina mteremko. Likaviringika, likapita kati ya nguzo mbili, likaingia mtoni. Kisha akasoma maelezo ya ndumba yenyewe, kwamba vidole gumba vigusane na vingine vitanuke, akaitazama ngao yangu kwa muda mrefu, akasema atanisamehe. Msamaha ule uliniuma kuliko rungu.

Nikatupa dadu tano. Wastani wa dadu tano za pande sita ni 17 na nusu. Zimwi askari la aina ile lina uhai 11. Hesabu ilikuwa upande wangu, na ningependa hilo likumbukwe. Dadu zikasimama: moja, moja, moja, mbili, tatu. Nane.

Mazimwi matano yalikuwa ndani ya mwali. Mawili yakajinusuru, yakaumia nusu, yaani nne. Hakuna lililokufa. Hakuna lililorudi nyuma. Mwenye meza alisema yalikuwa yamepata rangi kidogo mashavuni. Kwa Mpira wa Moto, wastani wake ni 28, na hata lile lililojinusuru lingepata 14 na kufa kwa heshima. Mimi niliyapasha moto kabla ya kazi.

Mazimwi haya yana desturi moja: likiwa na mwenzake karibu yako, upanga wake unaongezewa dadu mbili. Na mimi nilikuwa nimesimama mbele ya jeshi zima, mikono imetanuka. Wahenga wametuambia zimwi likujualo halikuli likakwisha. Haya ndiyo kwanza tulikuwa tunakutana. Yalinipiga matatu, uhai wangu wote 36 ukaenda, na kasisi wa kikosi, ambaye kazi yake ni kuwainua walioanguka, akawa ndiye aliyeanguka.

Nyumbani nilishusha vitabu vyote vya matoleo ya zamani nione kama mimi ndiye wa kwanza kudhulumiwa. Mbali sana. Katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 binadamu alikatazwa kabisa kufuata fani mbili kwa pamoja. Vibete na jamaa wenye masikio marefu waliruhusiwa, na uzoefu wao ukagawanywa sawasawa kati ya fani zao kama mirathi. Binadamu aliruhusiwa kuhama tu: awe na 15 kwenye sifa kuu ya fani anayoiacha, 17 kwenye ile anayoiendea, aanze upya kutoka kiwango cha kwanza, na akikutwa anatumia ujuzi wake wa zamani kabla ule mpya haujaupita, anakosa uzoefu aliouchuma. Yaani unajua kufungua mlango, umeufungua mara mia, na sasa usimame nje kwenye mvua ukijifanya hujui, kwa sababu wewe siku hizi ni mwanafunzi wa fani nyingine. Nina jamaa zangu wenye shahada wanaosukuma viti vya magurudumu hapa mjini ambao wangeielewa kanuni hiyo bila mwalimu.

Toleo la tatu, la mwaka 2000, lilifungua milango yote. Changanya utakavyo, binadamu au asiye binadamu. Kwa watu wa panga ilikuwa neema. Kwa watu wa ndumba ilikuwa mtego, kwa kuwa kila fani ilikuja na nafasi zake mbali, ndogo ndogo, na kasisi wa tatu aliye pia msomi wa tatu alikuwa na rundo la vitu vya kitoto siku ambayo wenzake walikuwa wakiteketeza vijiji. Malalamiko lazima yalifika mahali, kwani mwongozo wa mwenye meza wa mwaka 2003 una fani maalumu, Mystic Theurge, iliyoundwa kwa ajili ya kina sisi: ukishafika ngazi ya pili ya ndumba pande zote mbili, unaingia humo, na kila hatua unayopiga kati ya hatua zake kumi inapandisha ukasisi na usomi kwa pamoja. Tatu, tatu, na kumi: kiwango cha 16, ukiwa na ndumba za kasisi wa 13 na za msomi wa 13. Nilisoma ukurasa huo mara mbili nikiwa nimesimama. Toleo la tano halina fani hiyo.

Sasa mpwa wangu. Huyu naye ni mchanganyaji, na hakuna anayemcheka. Ana viwango vitatu vya ufuga jini na viwili vya uchawi wa damu, na mchanganyiko huo wachezaji wameubatiza jina lenye kahawa ndani yake. Nitaeleza kwa nini, na nakiri ni kazi ya kutisha kwa uzuri. Nafasi za mfuga jini haziingii kwenye lile jedwali. Zina daftari lake. Ni chache, kwa kiwango chake ni mbili tu za ngazi ya pili, lakini zinarudi ukipumzika saa moja, wakati zetu sisi wengine zinadai saa nane za usingizi. Mwenye uchawi wa damu, kwa upande wake, anaruhusiwa kuivunja nafasi iwe pointi, na pointi kuzifinyanga ziwe nafasi. Basi kijana anakaa saa moja, jini linamjazia nafasi mbili, anazivunja, kila moja inampa pointi mbili, na kwa pointi mbili anafinyanga nafasi ya ngazi ya kwanza. Anakaa saa nyingine. Sisi tukilala saa nane, yeye anaamka, au tuseme haamki maana hakulala, akiwa na nafasi 16 ambazo hazikuwepo. Zinayeyuka akilala usingizi kamili. Kwa hiyo halali. Jana, mimi nikiwa chali, aliyamaliza mazimwi yote yaliyobaki kwa nafasi za kughushi, moja moja, bila ya kusimama. Meza ilimpigia makofi.

Hapa naomba nitoke kidogo kwenye utani. Mwaka 2017 wenye mchezo walitoa kitabu kingine, Xanathar's Guide to Everything, na humo wakaweka kanuni ya asiyelala. Ukimaliza saa 24 bila ya mapumziko marefu, mwili wako unapimwa kwa dadu: ufikishe 10. Siku ya pili 15. Siku ya tatu 20. Ukishindwa, unaongezewa ngazi moja ya uchovu, na ngazi za uchovu ni sita. Ya kwanza, kila unachojaribu kinakuwa kigumu. Ya pili, mwendo wako unakatwa nusu. Ya tatu, mkono unakosa unachokilenga. Ya nne, uhai wako unagawanywa kwa mbili. Ya tano husogei. Ya sita unakufa, na hapo hakuna dadu ya kujinusuru. Majira ya baridi yaliyopita nilifanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee na zamu ya asubuhi kwenye ghala, na ngazi tatu za mwanzo sikuwa na haja ya kusomewa. Watu waliokaa kitako kuandika mchezo wa mazimwi waliona kwamba asiyelala lazima awe na hesabu yake, lazima kikomo kiwepo, haiwezekani mtu akaongezwa tu nafasi juu ya nafasi. Meneja wa ghala anaona inawezekana. Yule wa nyumba ya wazee amenibandika kwenye ubao wa matangazo kwa jina la shujaa wa mwezi, na hunipigia simu saa tisa mchana kuuliza kama ninaweza kuwahi. Na pale mezani, kijana anayecheza na upanga, ambaye kazi mbili hajawahi kuwa nazo, ndiye aliyeniambia jana kwamba taabu yangu ni kutaka mambo mawili. Mtu achague kimoja akimudu. Sikumjibu. Uhai wangu ulikuwa sifuri, na sheria zinasema mtu wa hali hiyo hazungumzi.

Kwenye gari mpwa wangu alianza yale mazungumzo ya nyumbani kabla hatujafika nyumbani. Ana malalamiko yake. Ndumba ya kuondoa uchovu ni ya ngazi ya tano ya ukasisi, na kuipata unahitaji kasisi wa kiwango cha tisa. Yeye alipojenga mhusika asiyelala alikuwa amepiga hesabu kwamba mjomba wake kasisi atamfikia huko kwa wakati.

"Mjomba, mimi nilikutegemea," akasema, akiangalia barabara.

Kuna mengine. Wakati mmoja niliwabariki wenzangu watatu kwa dua ya kikasisi, kisha nikatoa ukungu wa kichawi, na dua ikakatika papo hapo kwa sababu umakini ni mmoja hata fani zikiwa kumi. Bundi niliyemwita kwa kuchoma makaa, ubani na mitishamba kwenye chetezo, kazi pekee ya mchezo huu ambayo sikuhitaji kueleweshwa, aliliwa na kitu kabla sijampa jina. Dadu yangu ya pande 20 ilitoka na sarafu ikaingia kwenye kikapu cha sadaka, mzee wa kanisa akanirudishia mbele ya watu. Dada yangu alipiga simu akamsikia mwanawe akisema jini lake limechoka, na tangu siku hiyo tunaombewa sote wawili.

Mazimwi yalipoisha mwenye meza alitangaza kwamba kikosi kizima kimepanda hadi kiwango cha sita. Kisha, kwa sauti ya chini, akaniambia kwamba kama ninataka kumjenga Ndumila upya, msomi mtupu tangu mwanzo, hatanidai chochote. Kijana wa upanga akasema afadhali niongeze ukasisi, nifike kiwango cha nne cha fani moja, maana ndipo mtu anapoongezewa sifa zake, na mimi kwa kugawanya viwango sijaongezewa hata moja. Mpwa wangu alitaka usomi. Wakapiga kura, kwa mhusika wangu, mbele yangu.

Nimesoma sheria leo asubuhi baada ya zamu. Mganga wa msitu anadai busara 13. Ninayo 16. Kiwango kimoja cha uganga wa msitu, juu ya vitatu vya ukasisi na viwili vya usomi, kinanifikisha kwenye mstari wa sita wa jedwali, na mstari wa sita una nafasi tatu za ngazi ya tatu. Tatu, siyo mbili tena. Ndumba ya kuzijaza bado sina hata moja, na sitakuwa nayo kesho wala keshokutwa.

Nimewatumia karatasi yangu mpya wote kwa pamoja. Mpwa wangu amenijibu kwamba waganga wa msitu hawavai chuma. Hilo ninalijua. Deraya ya magamba nimeshaiuza, nusu ya bei kama kitabu kinavyotaka, vipande 25 vya dhahabu, na kumi nimenunulia ya ngozi na kumi ngao ya mbao. Vilivyobaki ni vya rungu.